Filta, dima na mbwa wa doria: taa ya usiku inapokusumbua

Taa ya doria ikianza kuleta shida, wa kwanza kulaumiwa huwa filta. Ndiyo iliyonunuliwa juzi, ndiyo inayobadilisha rangi ya kila kitu, basi ndiyo mchawi. Lakini filta ni kipande cha plastiki au kioo tu. Haiwezi kukata fyuzi, haiwezi kumaliza betri, wala haiwezi kuifanya taa ipepese. Kabla hujairudisha dukani Luthuli Avenue jijini Nairobi, keti na taa yako mezani, betri ikiwa imejaa, uifuate dalili hadi chanzo chake.

Nazungumza na watu wa aina mbili. Kuna walinzi wanaozunguka usiku na mbwa kwenye mashamba na ploti za Kitengela, Athi River, Ruai na Karen, ambako sungura akichomoka kwenye nyasi mbwa husahau kabisa alichoajiriwa kufanya. Na kuna madereva wa Nairobi wanaopeleka wageni kutazama wanyama wa usiku kwenye hifadhi za binafsi, kwa sababu ndani ya mbuga za taifa kuzunguka na gari usiku hakuruhusiwi. Wote hutumia vifaa vilevile: spotilaiti ya volti 12, betri ya begani au ya gari, dima ya kupunguza mwanga, na filta nyekundu au ya rangi ya kaharabu mbele ya kioo.

Vifaa hivi vilikuzwa na wawindaji. Uingereza watu hutoka usiku na mbwa aina ya whippet au lurcher, wakammulika sungura shambani kisha wakamwachilia mbwa. Sheria ya 2004 iliyozuia uwindaji wa kutumia mbwa katika England na Wales iliwaacha sungura nje ya katazo, ilimradi mwenye ardhi ameridhia. Kwetu sivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikuufungulia mlango. Tena sungura wetu wa porini si yule wa Ulaya anayechimba mashimo. Wetu hulala juu ya ardhi, amejibana kwenye nyasi. Ndugu wa yule wa Ulaya ni huyu anayefugwa kwenye vizimba vya Kiambu na Thika. Kwa hiyo kila nitakapomtaja mbwa hapa, ujue yuko kwenye kamba, na kamba iko mkononi.

Anza hapa hata kama una haraka

Toa filta. Iondoe dima kabisa kwenye njia ya umeme. Unganisha taa moja kwa moja na betri. Ikiwaka vizuri, rudisha dima. Ikiendelea vizuri, rudisha filta. Ugonjwa utajionyesha kwenye kile ulichorudisha mwisho. Fundi anayeshika bisibisi kabla ya kufanya hivi anakula pesa yako bure.

Utahitaji mita ya kupimia volti, na ile ya bei ya chini inatosha. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikikaribia 12.0 imekaribia kuisha. Pima pia taa ikiwa inawaka, kwenye ncha za betri kisha kwenye ncha za taa yenyewe. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo umeme unaopotelea njiani, na wengi hawajawahi kuitazama.

"Nikiweka filta nyekundu sioni kitu"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina vyanzo vinne vinavyofanana ukitazama kwa juujuu.

Cha kwanza ni aina ya taa. Balbu ya halojeni hutoa mwanga kwa uzi wa chuma uliopata moto, na mwanga huo una wekundu mwingi ndani yake. Ukiuwekea filta nyekundu, sehemu nzuri hupita. LED nyeupe ni habari nyingine. Ndani yake kuna LED ya buluu, karibu nanomita 450 (nanomita ndicho kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni buluu, kubwa ni wekundu), iliyofunikwa na unga wa kung'aa unaogeuza sehemu ya ule ubuluu kuwa manjano. Jicho lako linachanganya na kuona weupe, lakini wekundu wa kweli humo ni kidogo. Filta nyekundu inazuia buluu, kijani na manjano, yaani karibu kila kitu ambacho taa hiyo inacho. Ndiyo maana filta iliyofanya kazi vizuri kwenye taa ya zamani ya gari inaonekana mbovu kwenye spotilaiti mpya ya LED, ingawa hiyo mpya ina nguvu zaidi kwenye boksi. Dawa ni kununua taa yenye LED nyekundu zenyewe, zinazotoa nanomita 620 hadi 630 hivi bila kuchujwa, au kuridhika na filta ya kaharabu, inayopitisha zaidi.

Cha pili ni jicho lako. Seli tunazotumia gizani hupenda mwanga wa karibu nanomita 500, wa kijani kinachoelekea buluu, na kwa wekundu wa mbali karibu zimelala. Chini ya taa nyekundu unaonea zile seli za mchana, ambazo zinataka mwanga mwingi. Faida yake ni kwamba zile za gizani hazichomwi: ukizima taa, bado unaona mstari wa ua na umbo la ng'ombe. Lakini lazima ziwe zimeamka kwanza, na hilo huchukua dakika 20 hadi 30. Mlinzi aliyetoka kutazama simu kwenye kibanda, akaingia gizani na taa nyekundu, atasema filta ni mbovu. Simu ndiyo mbovu. Ipunguze mwanga hadi chini kabisa, au iache mfukoni.

Cha tatu ni filta kuwa nzito mno. Karatasi za rangi za taa za jukwaani, ambazo watu hukata na kubandika, nyingine zimetengenezwa kupitisha mwanga kidogo sana. Wengine huweka tabaka mbili ili "iwe nyekundu sawasawa". Tabaka la pili haliongezi rangi unayoihitaji, linakula mwanga uliobaki.

Cha nne ni volti kupotea kwenye waya. Chukua taa ya halojeni ya wati 55: inavuta ampea 4.6 hivi. Ukiiunganisha kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 wenye urefu wa mita tatu, umeme unasafiri mita sita kwenda na kurudi, na karibu volti moja inabaki njiani kama joto. Volti moja inaonekana ndogo, lakini mwanga wa uzi hushuka haraka kuliko volti. Hapo umepoteza kama robo ya mwanga kabla filta haijaguswa. Waya wa milimita za mraba 1.5 unashusha hasara hiyo hadi theluthi moja ya volti. Ni badiliko la bei ndogo kuliko yote katika mwongozo huu, na ndilo ningeanza nalo.

Taa inaanza vizuri, kisha inafifia

Kama ni halojeni na betri ya risasi, fanya hesabu kwanza. Betri ya ampea-saa 7, ile ya ving'ora na mashine za kuhifadhi umeme wa kompyuta, imepimwa kwa matumizi ya polepole ya saa 20. Ukiivuta ampea 4.6 kwa mfululizo, hesabu ya karatasi inasema saa moja na nusu. Betri yenyewe, hata ikiwa mpya, itakupa kama saa moja. Usiisukume chini ya volti 10.5 taa ikiwa inawaka, maana ndiko betri za risasi zinakoharibikia. Anayetaka doria ya usiku kucha kwa halojeni atabeba betri ya gari au abadilishe taa.

Kama ni LED, huenda hakuna kilichoharibika. Taa nyingi za LED zenye nguvu hujipunguza zenyewe zikipata joto, dakika chache baada ya kuwashwa kwa mwanga wa juu kabisa. Gusa kichwa cha taa: ikiwa ya moto na ikirudi kung'aa baada ya kupoa, ndivyo ilivyoundwa. Filta ya mpira iliyofunika mapezi ya chuma yanayoipoza taa huharakisha jambo hilo.

Halafu kuna betri za lithiamu za mviringo, aina ya 18650. Iliyojaa husoma volti 4.2, na ikishuka hadi 3.0 inatakiwa kuchajiwa. Betri nzuri za ukubwa huo hubeba karibu miliampea-saa 3,500. Ukiona zimeandikwa 9,900, umeuziwa namba. Nyingine ukizipima uzito ni nyepesi kuliko inavyotakiwa, maana ganda ni kubwa na kilichomo ni kidogo. Taa iliyofungwa betri hizo itang'aa dakika za mwanzo na kukuacha gizani katikati ya mzunguko, na mwenye duka atakuambia ni filta.

Dima haifanyi kazi yake

Hapa inategemea inakosea vipi.

*Unazungusha kitufe na taa haibadiliki, kisha ghafla inapepesa na kuzima.* Hii ni LED yenye kirekebishi cha umeme ndani yake. Kazi ya kirekebishi ni kuhakikisha LED inapata mkondo uleule hata volti zikishuka, kwa hiyo kila unapopunguza kwa dima ya nje, chenyewe kinafidia. Hufika mahali kinashindwa, ndipo inapopepesa. Vifaa hivyo viwili vinashindana, na hakuna fundi atakayevipatanisha kwa waya na gundi. Nunua taa yenye dima yake ndani.

*Taa inawaka mara moja kwa nguvu zote, haipungui, na haizimi hadi uchomoe betri.* Mtu amefunga dima ya ukutani, ya umeme wa nyumbani wa volti 240. Zile hutegemea umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde ili zijizime na kuwaka upya. Umeme wa betri haugeuki, basi ikishawaka imeshika. Omba dima ya umeme wa betri, ya volti 12, na iwe na ampea zaidi ya taa yako. Kwa wati 100, inayovuta ampea 8.3, usikubali iliyoandikwa 8.

*Mwanga unaruka kitufe kikipita mahali fulani.* Njia ya kaboni ndani ya kitufe imechakaa au imeingia vumbi. Vumbi la Kitengela wakati wa kiangazi huingia hata kwenye redio iliyofungwa. Dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi hurudisha uhai kwa muda, lakini kitufe kipya ndicho suluhisho.

*Dima inachemka.* Kama ni ile ya zamani ya waya wa kupinga umeme, joto ni kawaida yake. Nguvu inayozuiwa lazima iende mahali. Iweke mbali na begi la nguo na mbali na mkanda wa mbwa. Kama ni ya kielektroniki na inachemka, imezidiwa ampea.

*Picha za mgeni zina mistari myeusi.* Dima za kielektroniki hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka sana. Jicho halioni, kamera inaona. Panda hadi mwanga wa juu wakati wa kupiga picha au mwambie abadilishe kasi ya kamera.

*Balbu ya halojeni imekuwa nyeusi kwa ndani.* Imetumika muda mrefu ikiwa imefifishwa. Gesi iliyomo hurudisha chembe za uzi kwenye uzi wenyewe, lakini kwa sharti kioo kiwe cha moto sana. Ukiiendesha chini kila usiku, chembe zinaganda kwenye kioo. Iwashe kwa nguvu zote dakika kadhaa kila unapomaliza kazi, filta ikiwa imetolewa. Weusi ukiwa mwembamba, utaondoka wenyewe.

Mwanga mweupe unavuja, filta inayeyuka, kioo kina ukungu

Hizi ni tatu za haraka, lakini ya kwanza ina madhara makubwa kuliko sura yake. Filta isiyobana huacha ukanda mwembamba wa mwanga mweupe pembeni, na mnyama anaona ukanda huo vizuri zaidi kuliko mwale wote mwekundu ulioulipia. Simama mbele ya taa usiku, mita kumi hivi, mwenzako aizungushe polepole. Ukiona mstari mweupe, kata pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli uivishe kwenye mdomo wa taa. Inabana kuliko gundi na inatoka ukitaka.

Plastiki mbele ya halojeni ya wati 100 italainika, itapinda, au itapata doa la kahawia katikati. Tumia kioo, au acha nafasi ya hewa kati ya balbu na filta. Usiilaze taa ikiwaka, uso ukiwa chini kwenye kiti cha gari. Watu hufanya hivyo na viti vinashika moto.

Ukungu ndani ya kioo huja usiku wa baridi, Juni na Julai zaidi, na vilevile misimu ya mvua. Fungua, kausha juani, tia kile kifuko cha chembe za kukausha unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu, kisha funga. Ukungu ukirudi tena, mpira wa kuzuia maji umekufa.

Sungura anakimbia kabla hujamwona vizuri

Sasa tumetoka kwenye waya. Hapa ndipo dima inapoonyesha thamani yake kuliko filta, na kama ningelazimika kubaki na kimoja kati ya viwili ningebaki na dima.

Watu wengi hudhani mwanga mwekundu hauonekani kwa mnyama. Si kweli. Macho ya sungura wa kufugwa, ambaye amechunguzwa vizuri, yana aina mbili za seli za rangi: moja hupokea zaidi karibu nanomita 425, nyingine karibu 523. Wekundu wa 620 unazigusa kidogo, haukosi kabisa. Kwa hiyo mwekundu hafifu unaweza kumpita bila kumshtua, na mwekundu mkali unaonekana kama mwanga wowote unaokuja ghafla. Neno zito hapo ni "ghafla".

Sababu ya kawaida ya kukimbia ni kuwasha taa ikiwa juu kabisa huku imeelekezwa kwa mnyama. Geuza utaratibu. Washa dima ikiwa chini, taa ikiwa imeelekezwa juu ya upeo wa nyasi au ardhini mbele yako. Sogeza ule ukingo hafifu wa mwale hadi umguse, si kitovu chake. Ukiona macho, tulia hapo. Ukihitaji kuona zaidi, pandisha polepole. Sungura aliyebana masikio mgongoni na kujilaza amekuona na anahesabu, punguza. Anayeendelea kutafuna, umefanikiwa.

Sababu ya pili ni swichi inayolia. Usiku mtulivu kwenye nyanda za Athi, mlio mdogo wa plastiki unasafiri mbali. Dima inayoanzia sifuri kwa kuzungushwa haina mlio, na pia inauokoa uzi wa balbu, kwa sababu uzi baridi huvuta mkondo mkubwa mno unapowashwa ghafla.

Ya tatu ni kuyumbisha taa. Mgeni akisema "pale!" mkono wa dereva hurukia pale. Vivuli vya vichaka vyote vinakimbia kwa pamoja, na kila mnyama kwenye uwanja anadhani kuna kitu kinamjia. Pitisha mwale kwa mwendo wa mtu anayefagia uwanja mkubwa, na ukirudi rudi kwa njia uliyoendea.

Upepo na mwezi havitatuliwi na fundi. Mbalamwezi ikiwa kamili, kamendegere (mnyama wa usiku anayerukaruka) na sungura hupunguza kukaa wazi, kwa kuwa wanaonekana na kila anayewala. Mwongoza wageni anayejua kazi yake hutazama kalenda ya mwezi kabla ya kutoza pesa. Upepo ukitoka nyuma yako kuelekea kwao, harufu yako na ya mbwa imefika kabla ya taa.

Kama wanyama wa eneo moja wanakimbia kila mara wakiona taa, hata ukifanya yote sawa, kuna mtu anawasumbua kwa taa nyakati nyingine. Tafuta mitego ya waya kwenye njia za wanyama na uwaarifu KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mtego huohuo utamshika mbwa wako.

Mbwa anavuta, anabweka, au anapotea kwenye kivuli

Jicho la mbwa lina tabaka nyuma yake linalorudisha mwanga, ndiyo sababu linang'aa ukilimulika, na ndiyo sababu yeye anahitaji mwanga mdogo kuliko wewe. Kwa rangi ana aina mbili tu za seli, zinazopokea karibu nanomita 429 na 555. Wekundu kwake ni hafifu, wa rangi iliyokufa. Taa nyekundu inayokutosha wewe inamwachia kazi ya pua na masikio, na mbwa mzuri wa doria hana tatizo na hilo.

*Anavuta kuelekea kila mwale unapogota.* Amejifunza kwamba mwisho wa mwale kuna sungura. Mara nyingi mtu alimfundisha bila kujua, kwa kucheka alipokimbiza mara ya kwanza. Rudi nyuma: wiki kadhaa, mulika mahali pasipo na kitu, mwambie akae, umpe kitu akitulia. Na usicheze naye kwa doa la tochi ukutani. Kuna mbwa wanaoshikwa na uraibu wa kukimbiza mwanga na kivuli, na German Shepherd aliyeshikwa hivyo hafai tena kwa lindo.

*Anasita, anagonga vitu, anarudi nyuma yako.* Umemmulika usoni kwa taa nyeupe ulipogeuka. Beba taa upande ule ambao mbwa hayuko, mwale ukiwa juu ya kichwa chake. Kama lazima uutazame mguu au mdomo wake, shusha dima kwanza.

*Anabweka taa ikiwashwa.* Sikiliza dima. Baadhi ya dima za kielektroniki hutoa mlio mwembamba ambao wewe huusikii au umeuzoea, yeye anausikia. Badilisha kiwango cha dima kidogo uone kama ananyamaza.

*Unampoteza machoni ukitumia taa nyekundu.* Mbwa mweusi chini ya mwekundu hafifu ni kivuli tu. Mvishe mkanda wenye utepe unaoakisi mwanga. Usimfungue kamba ili "aende atazame", hata akiwa amefunzwa. Upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi hauna ua. Wanyama hutoka kwenda Kitengela na kurudi, na fisi huwa miongoni mwao.

Macho yanang'aa, lakini ni ya nani?

Taa nyekundu ina hasara moja kubwa: inayafanya macho yote yarudishe wekundu. Rangi ya kung'aa, ambayo kwa taa nyeupe hukusaidia kubahatisha, inapotea. Kwa hiyo ukiona macho usiyoyajua, shusha dima, inua filta kwa sekunde moja, tazama, rudisha.

Sungura hana lile tabaka la kuakisi. Macho yake hurudisha wekundu hafifu tu, na kwa kuwa yako kando ya kichwa mara nyingi utaliona moja. Kamendegere huonekana kama taa ndogo inayodundadunda, kwa sababu anaruka kwa miguu ya nyuma. Komba, waliojaa kwenye miti ya Karen, wana macho ya rangi ya chungwa yaliyo juu ya kichwa chako, si chini. Vimeta vidogo vya kijani kwenye majani karibu na viatu vyako ni buibui. Swala na ng'ombe hurudisha mng'ao mkubwa, na huwa wengi pamoja.

Macho mawili yaliyo pamoja mbele, ya mwanga mkali, yasiyoondoka yakimulikwa, ni ya mla nyama. Usimpe mbwa kamba zaidi. Pandisha taa nyeupe hadi juu, rudi nyuma bila kukimbia. Mwanga unaobadilikabadilika unaweza kuwafukuza: Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alitega taa za kumetameta kuzunguka boma la familia yake simba wasile ng'ombe, akalieleza jambo hilo kwenye jukwaa la hotuba la TED mwaka 2013. Taa yako ya doria ikiwa na swichi ya kumetameta, hapo ndipo ilipo kazi yake. Kwingine inamchanganya mbwa tu.

Fyuzi inakatika, tundu la dashibodi linachemka

Taa ya wati 100 kwenye tundu la kuchajia simu la gari ni mzigo mkubwa. Kama fyuzi ya ampea 10 inakatika unapowasha, huenda ni ule mkondo wa uzi baridi. Anzia dima chini. Ikikatika taa ikiwa tayari inawaka, kuna waya uliochubuka. Usiweke fyuzi kubwa kabla ya kuutafuta, hasa pale unapopita chini ya mlango. Plagi inayochemka ina mguso mbaya. Mwambie fundi wa umeme wa magari, Nyamakima wapo wengi, akuvutie waya wa moja kwa moja kutoka betrini wenye fyuzi yake ya ampea 15 karibu na ncha ya betri.

Betri ilikaa miezi, sasa haishiki chaji

Betri ya risasi iliyoachwa tupu inaota fuwele kwenye sahani zake na ujazo wake haurudi wote. Ichaji asubuhi ileile ya kutoka doria, hata kama uliitumia nusu saa tu, na kama haitumiki irudishe kwenye chaja kila baada ya miezi michache. Ya lithiamu ni kinyume: kwa kukaa muda mrefu iache ikiwa nusu, volti 3.7 hivi, nje ya taa, mahali pasipo joto. Iliyovimba au iliyotoboka ganda usiijaribu tena kwenye chaja. Itoe nje ya nyumba, na uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki.